Sindano ya Mama Mkwe

Zamani mtu akipasuliwa alilala wodini mpaka nyuzi zitolewe, akidungwa sindano na wauguzi wasiomjua na ambao hangekutana nao tena, lakini siku hizi anarudishwa nyumbani na mfuko wa dawa kabla hata hajapata nguvu za kukaa wima, akadungwe na mkwewe.

Habari hizi ni za Nthoki, mjane wa Ndete, ambaye sisi wa Makadara tulimwita Mama Wavinya. Tulikuwa majirani wa ukuta mmoja katika nyumba za kaunsili, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Ndete akipiga chafya, marehemu mke wangu Nzisa alimwambia afya akiwa jikoni kwetu. Ndete alikuwa mchonga vinyago. Nthoki alipika uji katika shule ya chekechea ya kaunsili, kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, na sufuria hiyo aliinua kutoka jikoni hadi barazani kila asubuhi katika maisha yake yote ya kazi. Watoto waliokuzwa na uji huo sasa ni watu wazima. Baadhi yao ni mawakili pale kortini. Nimewaona wakimpita barabarani kama wanavyopita nguzo ya stima.

Nyonga yake ya kushoto iliisha polepole. Hakutaka mtu ajue. Bakora aliiona kama tangazo, kwa hiyo akawa anatembea na ufagio wa mpini mrefu. Akienda dukani, ufagio. Akienda bombani, ufagio. Maumivu yakizidi alisimama akaegemea mpini, kisha akafagia kidogo mbele ya mlango wa watu ili ionekane alikuwa na shughuli hapo. Njia yetu ikawa safi kuliko njia zote za mtaa, na sisi wajinga tukamsifu kwa usafi. Aliyemgundua ni Benta peke yake, jirani wa upande wa pili, mama wa Kijaluo aliyekuwa mhudumu wa wodi kwa miaka mingi. Alimshika mkono siku moja akamwambia, "Wewe mwanamke, huo si ufagio. Huo ni mguu wa tatu." Wakacheka mpaka wakakaa chini kwenye ngazi. Lakini Benta alistaafu akarudi kwao Siaya, na baada yake hapakuwa na mtu mwenye ruhusa ya kumsema Nthoki namna hiyo.

Hatimaye hata ufagio haukutosha. Bintiye Wavinya, ambaye ameajiriwa katika ofisi moja huko Nakuru, alikuja akamchukua kwa nguvu, akampeleka hospitali, na madaktari wakaikata ile nyonga iliyosagika wakamwekea ya chuma. Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Nilimwona siku ya pili akisimamishwa na chuma chake cha miguu minne, amekunja uso kama mtu aliyetukanwa, lakini amesimama.

Taabu ilikuwa ni wapi angepona. Kwetu Makadara choo kiko mwisho wa safu, ni cha kuchuchumaa, na mwenye nyonga mpya haruhusiwi kuchuchumaa. Kwa hiyo ikaamuliwa aende Donholm, kwenye nyumba ya Wavinya, ambako choo ni cha kukalia na kiko ndani. Nasema nyumba ya Wavinya kwa sababu ndivyo sisi wazee tulivyokubaliana kuiita, ili tusiseme kweli. Nyumba ilikuwa ya mumewe, Frankline Okoth.

Msomaji kijana atauliza, kuna nini hapo? Kwetu Ukambani kulikuwa na kitu kinachoitwa nthoni. Ni aibu, lakini ni aibu ya heshima. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakuzoeana. Wakikutana njiani mmoja aliingia kichakani. Hawakula pamoja, hawakushikana mikono, na mwili wa mmoja haukuwa jambo la macho ya mwenzake hata akiwa amekufa. Na kwa akina Frankline, Ujaluoni, mama mkwe hawezi kulala chini ya paa la mkwewe. Makabila mawili ambayo hayajawahi kukubaliana hata juu ya namna ya kupika maharagwe yalikubaliana hapo neno kwa neno.

Nthoki na Frankline walikuwa wameishika desturi hiyo kwa uaminifu tangu siku ya mahari. Alipokuja kumsalimu Makadara, Frankline alikaa karibu na mlango akitazama nje, naye mama mkwe akabaki upande wa jikoni, na mazungumzo yakapita juu ya pazia. Vijana wa mtaani waliwacheka. Mimi niliona watu wawili wenye adabu, katika jiji ambalo watu wanavuliana nguo kwenye simu.

Siku ya kuondoka hospitali, sista aliwaita Wavinya na Frankline kando ya kitanda akawamwagia dawa kwenye shuka. Vidonge hivi vya maumivu. Hivi vya kulinda tumbo dhidi ya vile vya kwanza. Shurubati hii ya kulainisha choo, kwa sababu vidonge vya maumivu vinakifanya kigumu. Halafu akainua pakiti ya sindano ndogo zilizojazwa tayari.

"Hizi ndizo msizichezee," akasema. "Mtu akifanyiwa nyonga, damu ya mguuni inalala. Ikilala inaganda. Ikiganda, kipande kinaweza kung'oka kikapanda mpaka kwenye mapafu, na hapo hatuongei tena habari ya nyonga. Kila jioni moja. Tumboni, mbali na kitovu. Unafinya mafuta hivi, unachoma, unasukuma polepole."

Wavinya aliangalia. Frankline aliangalia dari.

"Na wewe baba, umeona?" sista akamwuliza.

"Nimesikia, sista."

Wavinya alichukua likizo fupi, akamdunga mama yake mwenyewe, na mambo yakaenda sawa. Likizo ikaisha. Kazi za siku hizi hazijui mzazi. Akarudi Nakuru, akawa anakuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili. Mtoto wao Whitney alikuwa shule ya bweni. Jioni za katikati ya juma wakabaki wawili ndani ya nyumba ile ya ghorofa ya tatu: mwanamume karani wa makamo na mama mkwe wake, na katikati yao ile pakiti ya sindano.

Yaliyotokea katika jioni hizo nilielezwa baadaye, nusu na mmoja na nusu na mwenzake, kwa hiyo nayaandika kama nilivyoyaunganisha.

Jumatatu ya kwanza Frankline alirudi kutoka kazini, akapika ugali na sukuma, akaweka chakula cha mama mkwe kwenye kiti mlangoni pa chumba, akabisha, akarudi nyuma. Baadaye akabisha tena.

"Maro," akamwita, kwa neno la kwao la mama mkwe, "ni saa ya dawa."

"Weka hapo."

"Wavinya alisema hii ya sindano ni mimi ni..."

"Baba Whitney, najua Wavinya alisema nini. Nilimzaa mimi. Weka hapo kwenye kiti, uende ukaangalie habari."

"Utaweza, Maro?"

"Nimepika uji wa watoto mia mbili, nishindwe na kijisindano?"

Frankline akaweka. Na ili asisikie nguo ikifunguliwa, akaenda akaongeza sauti ya televisheni. Aliniambia hata hakujua habari zilikuwa zinasema nini. Baada ya muda akaita kutoka kwenye kochi, "Tayari, Maro?" Naye akajibiwa, "Tayari. Mungu akubariki, mwanangu." Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukaweka bomba tupu kwenye kiti, mlango ukafungwa.

Hakuwa amejidunga. Jioni ile ya kwanza alijaribu kweli. Lakini vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, havikuweza kufinya na kusukuma kwa pamoja, na tumbo la mama aliyezaa halionekani vizuri na mwenyewe akiwa ameketi huku amekatazwa kuinama. Sindano ilimchoma kidole gumba. Damu ikatoka, na huko sebuleni mkwe alikuwa anaita kama ni tayari. Akaisukuma dawa ndani ya beseni la kunawia, akamwaga maji juu yake. Akasema tayari.

Jumanne angeweza kusema ukweli. Lakini kusema ukweli Jumanne kungekuwa ni kusema pia uongo wa Jumatatu, na mbele ya mkwe. Akasukuma tena ndani ya beseni.

Hata vidonge vya maumivu alianza kuviacha. Vilimfunga tumbo, na ile shurubati ya kulifungua ilimkimbiza chooni, na choo cha nyumba zile kina mlango wa mbao nyepesi unaotazamana na sebule. Mkwe angesikia kila kitu. Heri maumivu, aliona. Akalala usiku akiuma shuka. Ijumaa Wavinya alipofika alimkuta mama yake ameinua uso, anasema yeye ni mzima kabisa, na akamdunga sindano ya Ijumaa na ya Jumamosi, akahesabu mabomba matupu, akamshukuru mumewe. Frankline akatazama sahani yake.

Mimi nilikwenda kumwona Alhamisi moja alasiri. Getini kwao bawabu aliniomba kitambulisho, akanipiga picha usoni kama mwizi wa kuku, akaniuliza naenda kwa nani. Nikasema kwa Nthoki wa Ndete. Akasema hamjui huyo, nitaje namba ya nyumba. Nimeishi Eastlands tangu nikiwa na meno yote, na siku zile hata mgeni kutoka Machakos alifikishwa mlangoni pako na watu watatu wakigombania kumbebea mzigo. Nikataja namba.

Nilimkuta kwenye kiti kirefu karibu na dirisha, amevaa gauni refu, chuma chake kando. Tulisalimiana kwa Kikamba, tukaanza kutaniana kama kawaida.

"Baba Mativo! Umepanda ngazi zote hizo? Nilidhani walishakuzika."

"Walijaribu. Nikawaambia nangoja kwanza nione nyonga ya chuma ikicheza."

"Wewe endelea kusoma magazeti yako ya kufungia nyama. Huko Makadara kuna nini?"

Nikamwambia wameleta mabati ya kuzungushia safu ya nyumba za nyuma, kwamba wanabomoa wajenge maghorofa. Akauliza ni nani anafagia njia. Nikamwambia hakuna anayefagia. Akaguna, na katika kuguna kule nikasikia pumzi yake, fupi, kama ya mtu aliyetoka kuchota maji. Nikatazama chini. Kifundo cha mguu wa kushoto kilikuwa kimefura, ngozi inang'aa, kandambili imezama ndani ya nyama.

"Mama Wavinya, mguu huo."

"Ni kukaa."

"Kukaa hakufurishi mguu mmoja. Umemwonyesha Frankline?"

Alinitazama kwa jicho ambalo Ndete aliliogopa. "Nimwonyeshe Frankline mguu wangu? Baba Mativo, umezeeka vibaya."

Tukacheka, lakini yeye alikatisha kicheko katikati akashika kifua.

Frankline aliporudi kutoka kazini nilimvuta jikoni nikamwambia mguu wa mama umefura na lazima apelekwe hospitali sasa. Ni kijana mzuri, Frankline, mrefu, sauti ya chini, shati lake limepigwa pasi. Uso wake uligeuka rangi.

"Kesho ni Ijumaa, Mzee," akasema. "Wavinya anafika kesho."

"Damu haimngojei Wavinya."

"Mzee, nitamchunguza vipi? Nimwinulie gauni?"

Kutoka sebuleni tulisikia jina langu likiitwa, si kwa sauti, kwa pumzi tu. Tulimkuta ameshika mikono ya kiti, midomo imebadilika, anavuta hewa isiyoingia.

Nami nakiona hadi leo kile kitendo cha Frankline. Alikimbia hatua mbili kuelekea kwake, akasimama ghafla, mikono imenyooshwa hewani, kama mtu aliyefika ukingoni mwa mto. Hakuweza kumshika. Mama yule anakufa, na mkwe wake amesimama hapo mikono imenyooka, na macho ya mama yanamwambia asimguse.

"Piga simu, wewe!" nikamfokea.

Akapiga. Akaja kijana wa teksi anaitwa Mbuthia, mwenye kofia ya pamba ingawa kulikuwa na joto. Huyo hakuwa na mama mkwe yeyote duniani. "Mathee, pole sana, tunakubeba na hiyo kiti yako kama malkia," akasema. "Buda, shika hapo nyuma." Buda alikuwa Frankline. Akashika kiti kwa nyuma, mahali ambapo hangemwona usoni wala hangeonekana, na hivyo ndivyo walivyomshusha ngazi, kituo kwa kituo, mimi nikifuata na chuma chake. Katika kila ghorofa milango ilifunguka kidogo, macho yakachungulia, milango ikafungwa. Mwanamke mmoja wa nyumba ya mkabala, aliyekuwa na vitu vya muziki masikioni, aliuliza kama tunahama.

Hospitali walimwekea hewa, wakampiga picha za kifua na za mguu. Daktari alikuwa binti mdogo, amechoka, anaongea haraka. Akatwambia kipande cha damu kimefika kwenye pafu, bahati si kikubwa. Akafungua faili.

"Mlikuwa mnampa sindano za kuzuia damu kuganda?"

"Ndiyo, daktari," Frankline akasema. "Kila jioni."

"Kila jioni, bila kukosa?"

"Bila kukosa."

Daktari akakunja uso, akaanza kusema basi labda damu yake ina tatizo lingine, wampime mambo mengine, waongeze dawa mara mbili. Hapo ndipo Nthoki aliponivuta mkono wa koti. Nikainama. Alisukuma pembeni kile kifuniko cha hewa akaniambia kwa Kikamba, maneno machache machache, kuhusu beseni.

"Mwambie," akasema. "Lakini yeye atoke nje kwanza."

Frankline hajui Kikamba, lakini alielewa. Alitoka nje ya pazia bila kuambiwa, nami nikabaki na kazi ya kumwambia binti wa watu, katika wodi iliyojaa watu, kwamba mama huyu amekuwa akimwaga dawa yake kwenye beseni kwa sababu hawezi kufungua tumbo mbele ya mume wa binti yake. Nimezungumza mbele ya wakubwa katika maisha yangu. Sijawahi kusikia maneno yangu yakiwa machafu namna ile. Nthoki alikuwa amegeuza uso ukutani.

Daktari hakucheka. Laiti angecheka.

"Mama," akamwambia, "lakini si ungetuambia tu? Kuna vidonge. Dawa ya kazi ileile, ya kumeza na maji. Tungekuandikia siku ileile ya kwanza."

Akaandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nje kwenye korido Frankline alikuwa ameketi kwenye benchi, ameweka viganja juu ya magoti. Nikaketi. Kulikuwa na mzee mwingine hapo anakula ndizi.

"Nilijua, Mzee," akasema.

Nikageuka nikamtazama.

"Siku ya tatu nilimwaga lile beseni. Kulikuwa na kifuniko cha sindano ndani yake, na kitambaa alichofungia kidole kina damu. Mtu anayejidunga tumboni hatoki damu kidoleni. Nilijua."

"Na hukusema."

"Ningesemaje? 'Maro, najua hujidungi, fungua gauni'?" Alicheka kicheko kibaya. "Kila jioni nilikuwa nafurahi akisema tayari. Unaelewa? Nilikuwa nafurahi. Naweka ile sindano kwenye kiti naomba Mungu aseme tayari. Aliponibariki nikaitikia amina."

Wavinya alifika kutoka Nakuru asubuhi iliyofuata akiwa na viatu vya kazini. Alitusikiliza wote wawili tumesimama mbele yake kama watoto waliovunja chungu. Kisha akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa korido, "Kwa hiyo mngeendelea kuheshimiana mpaka mochari? Na wewe Baba Mativo, ndiye ulikuwa unamsifu mama kwa mambo haya ya nthoni!"

"Nilimsifu," nikasema. "Na bado."

"Heshima gani ya kuua mtu?"

Sikumjibu pale, kwa kuwa hakuwa katika hali ya kujibiwa. Lakini nina jibu, na naliandika hapa. Nthoni haikuwahi kumwacha mama peke yake na mkwe ndani ya vyumba viwili. Watu waliotunga desturi hiyo walikuwa na dada, na mke mwenza, na shangazi, na jirani wa kike aliyeingia bila kubisha. Walikuwa na Benta. Mkwe aliwekwa mbali kwa sababu karibu palikuwa pamejaa wanawake. Tumewaondoa wote hao, tumewapeleka Nakuru na Siaya na kaburini, tumeweka bawabu getini, na ile aibu tukaiacha ndani ya nyumba peke yake bila wale waliokuwa wakiibeba. Halafu tunaishangaa inapomkaba mtu.

Hata hivyo nilijibu hivyo moyoni tu, na hata moyoni jibu hilo halikunipa raha, kwa sababu Wavinya alikuwa analia.

Nthoki hakufa. Walimdunga wodini wauguzi wasiomjua, mara mbili kwa siku, naye akawafungulia tumbo bila neno, kama ilivyokuwa zamani. Alipotoka walimpa vile vidonge. Vidogo, vya rangi ya matofali, meza kimoja asubuhi na chakula. Nilivishika mkononi nikavitazama. Kitu kidogo namna hiyo kilikuwa dukani wakati wote.

Akarudi tena Donholm, maana choo cha Makadara kilikuwa kilekile, hadi Wavinya apate nyumba ya chini huko Nakuru wakaishi pamoja. Lakini mwili una namna yake ya kudai. Daktari alisema mguu ule uliofura uvishwe kila asubuhi soksi ndefu ya kubana, inayofika chini ya goti, na soksi hizo ni ngumu. Kijana mwenye nguvu hujitahidi kuivaa. Mtu aliyekatazwa kuinama, mwenye vidole vilivyopinda, hawezi kabisa. Na asubuhi za katikati ya juma hapakuwa na mtu mwingine ndani ya nyumba.

Niliwaona kwa mara ya mwisho asubuhi ya Jumatano. Nilikuwa nimempelekea vyombo vyake vya jikoni, kwa kuwa safu yetu nayo ilikuwa imepewa notisi. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, maana Frankline alikuwa ametoka kutupa taka akarudi bila kuufunga. Niliingia, nikafika mlango wa sebule, nikasimama.

Nthoki alikuwa kwenye kile kiti kirefu, ameshika pindo la gauni kwa mikono yote miwili, limepanda kidogo tu juu ya shavu la mguu. Frankline alikuwa amepiga magoti sakafuni na suruali yake ya kazini. Kisigino cha mama mkwe kilikuwa juu ya paja lake, juu ya taulo lililokunjwa. Alikuwa anavuta ile soksi kwa kuipapasa, inchi kwa inchi, akitafuta kidole gumba, akitafuta kisigino, kwa sababu alikuwa amefumba macho. Jasho lilikuwa linamtoka. Nikamtazama Nthoki. Naye alikuwa amefumba macho, kwa nguvu, kope zimekunjamana, na machozi yanapita kwenye mikunjo hiyo bila yeye kuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Soksi ilikuwa inapanda.

Wao walikuwa wamefumba macho. Niliyekuwa nikitazama ni mimi peke yangu. Nikaweka vyombo chini taratibu ili visilie, nikarudi kinyumenyume hadi kwenye ngazi, nikashuka bila kuwasalimu.